Msitu Mjane

Mtu anaweza kusoma Kiingereza tangu chekechea hadi chuo kikuu, akafanya kazi kwa lugha hiyo mpaka akastaafu, asikutane hata mara moja na neno relict. Mitihani hailiulizi, magazeti hayaliandiki, na kamusi ndogo za wanafunzi huliruka. Mimi nililipata mapema kwa sababu ya mahali nilipozaliwa: Isukha, upande wa Shinyalu, ambako ukisimama uani asubuhi unauona msitu wa Kakamega ukifuka ukungu. Kwa watu wanaouchunguza msitu huo, relict ni neno la kila siku. Tangu nilipolijua halijaniacha. Nimelifundisha darasani, nimelifasiri mbele ya umati, na kupitia kwake nilianza kumwelewa bibi aliyenilea.

Nilikuwa kidato cha tatu tulipopelekwa Isecheno kwa somo la jiografia. Wengi wetu tuliona ajabu kupandishwa basi kwenda kuonyeshwa msitu ambao mama zetu huingia kila wiki kutafuta kuni. Aliyetupokea alikuwa kijana wa vijiji vya hapo hapo, mwongoza wageni. Isecheno kuna utafiti wa kima ulioanzishwa 1979 na Marina Cords, mwanasayansi kutoka Marekani, na kwa miaka mingi vijana wa eneo hilo wameajiriwa kuwafuata wanyama hao tangu alfajiri hadi jioni wakiandika wanachokula, wanayemchana manyoya na wanayemkimbiza. Katika kazi hiyo wapo waliojifunza kuutaja mti mmoja kwa Lwisukha, lugha yetu sisi Waluhya wa Isukha, kwa Kiingereza na kwa Kilatini bila kusita. Kijana wetu alikuwa na elimu ya namna hiyo. Siku ile kundi letu lilichanganywa na wageni wachache kutoka ng'ambo, kwa hiyo alizungumza Kiingereza.

"Mnachokiona hapa," alisema, "ni relict ya msitu wa Kongo."

Mgeni mmoja akaitikia kwamba ndiyo, ni relic. Kijana akatikisa kichwa kwa adabu. Hapana, alisema, ina t mwishoni. Relic ni mfupa wa mtakatifu uliohifadhiwa kanisani, ni mkuki wa babu ulioning'inizwa ukutani. Thamani yake yote iko katika yaliyopita. Relict bado inakula, bado inazaa, bado inaugua. Kisha akatugeukia sisi wanafunzi, akasema kwa Kiswahili ili asiwepo wa kupotea: "Hii haijafa. Imeachwa tu."

Alisema hayo akiwa ameegemea mwiritsa, mti mkubwa wenye gamba jeusi lililopasuka vipande vipande vya mraba. Gamba lake hutengenezewa dawa ya tezi dume, na kwa sababu wanaolitaka ng'ambo ni wengi, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995. Masharti hayo hayakuwa yamemfikia aliyepita pale kabla yetu. Upande mmoja wa shina ulikuwa umechunwa kwa panga, kuanzia usawa wa magoti hadi juu ya kichwa cha mtu mzima. Ukisogea karibu uliona kwamba kwenye kingo za kidonda gamba jipya lilikuwa limeanza kuvimba, laini na lenye rangi ya udongo, likijikunja kuelekea ndani kidogo kidogo kuufunika mti uliobaki wazi. Kijana alichuma jani, akalivunja, akalipitisha puani mwetu mmoja mmoja. Harufu ilikuwa ya lozi chungu. Nimesahau mengi tuliyofundishwa kidato cha tatu, lakini jani lile lililovunjwa nalikumbuka kila nikiandika neno hili ubaoni.

Maelezo yenyewe yalikuwa hivi. Zamani, katika enzi za mvua nyingi, msitu mkubwa wa Afrika ya kati ulienea kuelekea mashariki kupitia nchi tunayoiita Uganda leo hadi milima ya Nandi. Hali ya hewa ilipokauka, msitu ukarudi nyuma. Baadaye jembe, ng'ombe na moto vikamega uliosalia. Pale Kakamega, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na ushei, mvua ya ziwa na milima iliendelea kunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kipande hicho kikadumu. Ndiyo maana shorobo mkubwa wa buluu, ndege mwenye kishungi cheusi na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, hupatikana Kakamega, na ukitaka kuwaona jamaa zake lazima uelekee magharibi: Uganda, Kongo, Kameruni, hadi Guinea. Ukielekea Nairobi humwoni tena. Viumbe wengi wa Kakamega wako hivyo: wanyama wa magharibi ya Afrika wanaoishi Kenya bila kuhama, kwa kuwa ardhi iliyowaunganisha na wenzao imegeuka shamba.

Kamusi ya shule yetu ilikuwa na relic, ikaruka moja kwa moja hadi relief. Jumamosi niliteremka mjini Kakamega, nikaingia maktaba ya umma, nikaomba kamusi kubwa ya Oxford, ile isiyoazimwa. Relict lilikuwamo, na maana zake zilifuatana. Kiumbe au jamii ya viumbe iliyosalia mahali ambapo wenzake wametoweka. Umbo la nchi lililosalia baada ya nguvu zilizolifinyanga kukoma. Na mwishoni, likiwa na alama ya kuonyesha kwamba ni matumizi ya kale: mjane.

Niliusoma mstari huo wa mwisho mara kadhaa. Nyumbani tulikuwa na mjane, na jina lake katika lugha yetu ni mulekhwa. Kulekha ni kuacha. Mulekhwa ni aliyeachwa, na hakuna Mluhya anayelisikia neno hilo akafikiria talaka. Anajua ni mwanamke ambaye mumewe amefariki. Wabukusu, Waluhya wenzetu, husema namulekhwa, mzizi ule ule. Kumbe hata neno la Kiingereza limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuacha, na relicta ni mwanamke aliyeachwa nyuma. Warumi na Waisukha hawakuwahi kukaa meza moja, lakini walimtazama mtu yule yule, katika hali ile ile, wakamwita kwa kitenzi kile kile. Kiswahili chetu, pamoja na utajiri wake wote, hakikupita njia hiyo: mjane halimkumbushi msikilizaji habari ya kuachwa.

Ni lazima niseme hapa kwamba mulekhwa ni neno ambalo shuleni lingetosha kumfanya mtoto avishwe kibao shingoni, kile cha waliosikika wakisema lugha ya mama. Nilipokuwa maktabani nililiona jambo hilo waziwazi kwa mara ya kwanza: lugha tuliyokatazwa ndiyo iliyokuwa imebeba ufunguo wa neno ambalo kamusi ya shule haikuwa nalo. Imani hiyo sijaibadilisha. Mwanafunzi wangu akikwama kwenye neno gumu la Kiingereza, kwanza namwuliza kwao wanasemaje.

Sasa nimzungumzie nyanya yangu, tuliyemwita kukhu, kwa maana bila yeye neno hili lingebaki la jiografia.

Babu alifariki kabla sijazaliwa, na mengi nimeyapata kwa shangazi zangu. Siku ya kunyoa, ambayo kwetu huja baada ya mazishi, ndugu wa marehemu walikaa, madeni yakatajwa, ng'ombe wakahesabiwa, kisha likaulizwa swali ambalo wajane wa kizazi chake waliulizwa wote: nani atamsimamia? Shemeji mmoja alikuwa tayari. Kukhu akasimama, kichwa kikiwa kimetoka kunyolewa, akawaambia kwamba atasimamiwa na jembe lake. Wanaume walingoja abadilishe kauli. Hakubadilisha. Miezi michache baadaye shemeji yule alipanda mikaratusi ndani ya mpaka wa shamba lake, na miti hiyo ilipokua, kivuli chake kikawa ndicho mpaka mpya. Kukhu alimwendea mzee wa mtaa, akamwendea chifu, akarudi, akalima palipobaki.

Palipobaki hapakutosha watoto aliokuwa nao. Kilichojaza pengo kilikuwa msitu. Kwa kibali cha mwezi kilicholipiwa kituoni, wanawake waliruhusiwa kuokota kuni kavu, na kukhu aliuza mzigo mmoja kwa kila miwili aliyobeba. Mvua zilipoanza alijua kichuguu kipi kitatoa kumbikumbi na gogo gani litaota uyoga. Alichimba mukombero, ule mzizi wenye harufu kama ya vanila ambao wanaume wa mjini huununua vifungu vifungu kituo cha matatu wakautafuna. Alijua miti ambayo haikatwi, na sababu zake hazikuwa za kisayansi lakini zilifanya kazi ile ile. Karo ya baba yangu ilitoka humo. Watu husema mjane alilea watoto peke yake. Kwa kukhu kauli hiyo haina ukweli wote. Kuna kilichomsaidia kulea, nacho kilikuwa kimeachwa kama yeye.

Watu walipomwita mulekhwa walikusudia kumwonea huruma. Mimi niliyekua nikimfuata nyuma sikuona mabaki ya ndoa. Niliona mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo, aliyekuwa na deni na wadeni, aliyegombana na kucheka, aliyepanda mapera kando ya njia kwa sababu, alisema, wapita njia nao wana njaa. Maneno ya yule kijana wa Isecheno, kwamba relict bado inakula na bado inazaa, niliyaelewa kupitia kwake kuliko kupitia kwa miti.

Baadaye, nikiwa mwalimu wa lugha, nilianza kulifuatilia neno lenyewe kwa bidii. Katika makaburi ya kale ya Uingereza na ya Marekani limechongwa sana: jina la mwanamke, kisha relict wa fulani, kisha tarehe. Mume ametajwa kwa jina na pengine kwa kazi yake. Mke ametajwa kwa kuachwa kwake. Wanaume waliofiwa hawakuandikwa hivyo kwa kawaida. Sheria ya Scotland nayo ililitumia kwa umbo la Kilatini, ius relictae, haki ya aliyeachwa: mjane alistahili theluthi ya mali inayohamishika ikiwa kuna watoto, na nusu ikiwa hakuna, hata kama mume aliandika wasia wa kumnyima. Hapo nilipenda jinsi walivyolitumia. Neno lililokuwa alama ya huzuni kaburini lilikuwa dai mahakamani.

Kenya hatukurithi neno hilo katika sheria, lakini tumerithi swali lake. Sheria yetu ya urithi ilitungwa 1972 na kuanza kutumika Julai 1981. Kwa aliyekufa bila wasia akaacha mke na watoto, kifungu cha 35 kilimpa mke vyombo vya nyumba moja kwa moja, na mali iliyobaki aitumie maisha yake yote. Lakini kiliweka sharti kwamba akiolewa tena, haki hiyo inakoma. Mwanamume aliyefiwa akioa tena, haki yake haikuguswa. Nasoma sharti hilo na kumwona mwandishi wake akiwa na kaburi la Kiingereza akilini: mwanamke ambaye sifa yake moja ni kubaki palepale alipoachwa. Akisogea, hana kitu. Nalikataa wazo hilo kwa moyo wangu wote, iwe linamhusu mtu au linahusu msitu.

Kwa maana msitu nao hukutana nalo. Neno kuachwa lina hatari moja, nayo ni kuficha aliyeacha. Mume hufa, na kifo hakina wa kushtakiwa. Ukiutazama msitu wa Kakamega utadhani ni mvua tu iliyouacha, kumbe sehemu ya mwisho ya hadithi imefanywa na watu wenye majina na ofisi. Wakwekari kutoka Marekani walipofika Kaimosi 1902 walijenga misheni yao penye miti, na kazi ya mbao ikawa sehemu ya misheni. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega 1931, wachimbaji walimiminika, na migodi, ukiwemo ule wa Rosterman ulioendelea hadi 1952, ilihitaji magogo ya kuegemezea mashimo na kuni za kuendeshea mitambo. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria yake yenyewe ya 1930, iliyokuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa itafidiwa kwa ardhi nyingine, ili wachimbaji wapewe ardhi ya Kakamega bila fidia hiyo. Mwaka uliofuata, 1933, msitu ukawekewa mipaka rasmi. Familia zilizobanwa upande mmoja na migodi zikabanwa upande wa pili na mpaka wa msitu. Baada ya uhuru ukataji uliendelea kwa leseni. Ukanda wa chai uitwao Nyayo, ulioanzishwa 1986, ulipandwa kandokando uwe kinga, na ni kweli mahali pengi umezuia mashamba kuingia, ingawa ili chai ipandwe ilibidi kwanza pafyekwe.

Matokeo yake leo ni vipande. Kuna msitu mkubwa, wenye Isecheno kusini na hifadhi ya taifa ya Buyangu kaskazini iliyotangazwa 1985. Pembeni kuna Kisere. Mbele zaidi kuna Malava, ambao barabara ya kwenda Webuye inaukata katikati. Kusini kuna Kaimosi. Mtu akizungumza juu ya relict ya msitu wa Kongo kana kwamba ni moja, namkumbusha kwamba relict yenyewe imeacha relict zake.

Hali hii si ya Kakamega peke yake, wala sisi hatuna haki ya kujivunia upweke. Milima ya Taita ina visiwa vya msitu vyenye ndege wasiopatikana kwingine duniani, na baadhi ya misitu hiyo unaweza kuizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Usambara kuna maua ya urujuani ambayo yamesambaa katika madirisha ya Ulaya huku kwao yakipungua. Pwani, makaya ya Wamijikenda, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia 2008, ni vipande vya msitu wa kale vilivyosalia kwa sababu wazee walikataza. Australia nako, 1994, ulipatikana msonobari wa Wollemi katika korongo moja, mti ambao mfano wake ulijulikana kwa visukuku tu. Waliouona walikuwa na chaguo: kuufanya relic au relict. Waliuotesha, wakauza miche, na sasa uko katika bustani nyingi duniani.

Miaka ya karibuni Kakamega kumekuwa na mjadala mkali juu ya kuuzungushia msitu uzio wa umeme. Katika mojawapo ya mabaraza ya mjadala huo niliombwa nifasiri. Waraka ulikuwa kwa Kiingereza, na katika ukurasa wake wa kwanza msitu ulielezwa kuwa relict. Nilikuwa na Kiswahili cha kutosha kusema msitu wa masalia, na ningekuwa sahihi, na hakuna ambaye angeinua kichwa. Nikachagua Lwisukha. Nikawaambia kwamba wataalamu wanasema msitu huu ni mulekhwa.

Minong'ono ikapita upande wa wanaume. Upande wa wanawake kukawa kimya, kisha bibi mmoja akasimama, akajifunga leso upya kiunoni, akaomba kusema. "Mheshimiwa chifu, na nyinyi wageni wetu, nimesikia. Kama msitu ni mulekhwa, mimi pia ni mulekhwa, na najua mambo yake. Mulekhwa hufuatwa na watu wawili. Mmoja anataka kumchukulia shamba. Mwingine anasema anamlinda, anamfungia ndani, majirani wasimwone. Mwanangu mwalimu, waulize hawa: uzio una lango? Na ufunguo atakaa nao nani?"

Nikafasiri, neno kwa neno, nikaliacha mulekhwa katika Kiingereza changu na kulieleza. Wageni waliandika. Kuanzia hapo baraza lilibadilika. Hoja za uzio zikajadiliwa kama hoja za nyumba ya mtu. Waliouunga mkono walikuwa na haki zao: mkaa unachomwa usiku ndani ya hifadhi, mwiritsa unachunwa, na nyani wakitoka humaliza mahindi ya mtu kabla ya jua kupanda. Waliopinga walitaja kuni, maji, malisho, dawa, na mahali pa tohara na sala ambapo hawataki kuomba ruhusa. Mimi nilifasiri pande zote kwa uaminifu, lakini hapa naandika kwa jina langu: naona bibi yule aliuliza swali lililo sahihi. Uzio usio na malango ya kutosha, yenye funguo mikononi mwa vijiji, utaugeuza msitu kuwa mfupa wa mtakatifu.

Sisemi hivyo kwa hisia tupu. Kinachoua relict polepole ni kutengwa. Mti wenye tunda kubwa unamtegemea hondohondo aimeze mbegu na kuitema mbali. Hondohondo asipovuka, mbegu huanguka chini ya mama yake na miche kusongana hapo hapo. Kundi dogo la wanyama lisipopata damu mpya huzaana ndugu kwa ndugu. Kasuku wa kijivu, aliyekuwa akisikika Kakamega, karibu ametoweka. Na kinachoiokoa relict mara nyingi kiko nje ya mpaka wake. Watafiti waliofanya kazi katika mashamba ya kando ya msitu walichapisha 2008 jambo ambalo kukhu angelifurahia: chini ya mipera iliyosimama mashambani huota miche ya miti ya msituni, kwa sababu ndege wanaokula matunda huja kula mapera na kudondosha mbegu walizotoka nazo msituni. Mpera si mti wa asili wa Afrika, uliletwa kutoka Amerika, na wahifadhi wengi huuchukia. Pale Isukha umekuwa jirani mwema.

Siku hizi nikilifundisha neno hili huanza na sarufi, kwa kuwa matumizi yake yana adabu zake. Linaweza kuwa nomino, relict ya kitu fulani, au likasimama mbele ya nomino nyingine: msitu, ua, jamii ya wanyama. Halitumiki kwa jengo la kale; hilo ni relic. Halitumiki kwa desturi iliyokufa, ila wanaisimu hulitumia kwa umbo la lugha lililosalia katika lahaja moja baada ya kutoweka katika nyingine, na hapo hakuna kosa. Kwa maana ya mjane, msilitumie kwa mtu aliye hai, nawaambia, kwa sababu katika Kiingereza cha leo itaonekana ametukanwa. Kisha nawapa kazi ya kutunga sentensi.

Muhula uliopita msichana mmoja kutoka upande wa Kisere alitunga sentensi kuhusu karasinga, yule kima mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa, ambaye katika misitu ya Kakamega yumo Kisere pekee. Sentensi ilikuwa sahihi kabisa. Lakini alikuwa na swali. Kati ya Kisere na Buyangu kuna mashamba, na nafasi yenyewe si kubwa. Miti ikipandwa ikashikana, karasinga wakavuka, je, tutaendelea kuwaita relict?

Nilimwambia kamusi haina jibu, ila mantiki ya neno inasema hapana: aliyeungana tena na msitu mkubwa hajaachwa. Mvulana wa nyuma akapinga, akasema wakiungana na Buyangu bado watakuwa wametengwa na Uganda, kwa hiyo wamepunguza tu upweke. Darasa likagawanyika, kengele ikalia wakiwa bado wanabishana. Nikawaambia waandike hoja zao, na kwamba nitazipeleka Isecheno kwa yule mwongoza wageni, ambaye sasa ana mvi na bado anatembeza wanafunzi. Nilizipeleka. Alizisoma zote, akacheka kwa furaha kwenye ile ya mvulana wa nyuma, halafu akaniuliza kama shule ina nafasi ya kitalu, kwa sababu ana mbegu za mwiritsa za kutosha na mwiritsa hauvumilii kukaa mbegu muda mrefu. Ukichelewa kuupanda hauoti. Kitalu kiko nyuma ya bweni la wasichana. Msichana wa Kisere ndiye mwenye zamu ya maji Jumatatu na Alhamisi.